Sababu ya Kufungua Faili

Pale hospitalini walimwita Kufuli, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa karani wa masjala, kile chumba cha nyuma ya mapokezi kinachotunza mafaili ya wagonjwa, na kwa miaka ishirini na minne hakuna mtu aliyeondoka kwenye dirisha lake na neno lisilomhusu. Waume walikuja kunusanusa wake zao wanatibiwa nini. Wake walikuja kuwapeleleza waume. Bosi mmoja, mwenye kitambi kilichoingia mlangoni kabla yake, alikuja na saa mpya ndani ya kiboksi, akitaka tu kujua kama dereva wake anaumwa kweli au anamchezea. Kufuli alimtazama juu ya miwani, akakirudisha kiboksi kwa ncha ya kalamu.

"Mzee," akasema, "dirisha hili linapokea kadi tu."

Wauguzi waliisimulia hadithi hiyo mwezi mzima, na kila aliyeisimulia aliongeza kitambi cha bosi kidogo.

Lakini sifa ile ilikuwa na tundu, na mwenyewe hakuliona kwa sababu lilikuwa mgongoni. Kwa watu wa nje mwanamke huyu alikuwa kufuli kweli. Nyumbani kwao alikuwa redio. Kwake siri ilikuwa kitu cha kuwaficha watu baki, na ndugu si mtu baki, ndugu ni damu. Jamaa yake yeyote akija kutibiwa, faili lake lilipandishwa juu ya rundo, na njiani kutoka kwenye rafu hadi kwa daktari lilisomwa. Alilisoma kwa upendo, tena wa kweli; sitaki mtu amfanye mbaya kuliko alivyo. Jioni alimpigia mama yake simu na kumwambia, fulani ana hiki, tumwombee, na fulani ana kile, tumpelekee uji. Mama alikuwa na dada zake watatu, na dada zake walikuwa na simu pia.

Miaka sita nyuma, mdogo wake wa mwisho, ambaye kwao walimwita Kitinda kwa kuwa yeye ndiye kitindamimba, alilazwa siku moja na mimba ikaharibika. Mume wake alikuwa safarini kikazi. Kitinda alitaka kumngoja arudi, amwambie uso kwa uso. Kufuli alisoma faili, akalia, akampigia mama. Kesho yake saa sita mchana shangazi na mama wadogo walikuwa wamejaa sebuleni kwa Kitinda, wanapangusa macho, na mume akapata habari kutoka kwa mama yake mzazi, kwenye simu, akiwa kwenye foleni ya kulipia chumba cha wageni. Alirudi na swali moja: kwa nini mimi ndiye wa mwisho kujua? Ndoa ilichechemea mwaka mmoja, ikalala chini.

Kitinda aliamini aliyetoa habari ni muuguzi wa wodini, jirani yake wa mlango wa tatu, rafiki wa kuazimana chumvi. Hakumsalimia tena yule mwanamke. Na Kufuli? Kufuli alimkumbatia mdogo wake, akamfulia, akamkandia mgongo, na hakusema. Watu husema panya huuma na kupuliza. Panya walau anajua kwamba ameuma. Kufuli alijiambia kwamba habari mbaya haina mwenyewe, na karatasi haisemi nani aliisoma.

Mwaka jana karatasi zikaondoka. Mafaili yote yaliingizwa kwenye kompyuta, rafu zikang'olewa, na masjala ikabaki na meza tatu na mwangwi. Fundi wa mitambo, baba wa watu wazima mwenye kipara na miwani iliyofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu, aliwakusanya wafanyakazi kwenye chumba cha mikutano siku tatu mfululizo.

"Faili la mgonjwa sasa linasimbwa," aliwaambia. "Maana yake, kila neno linageuzwa kuwa takataka ambayo hata mimi siwezi kuisoma. Mwizi akiiba, ameiba takataka. Wa kuirudisha kuwa maneno ni mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni mgonjwa, uko kwenye simu yake. Anampa daktari ruhusa, daktari anasoma, basi."

"Na akifungua mwingine?" mtu akauliza.

"Anaandikwa. Nani, saa ngapi, ukurasa gani, sababu gani, na mgonjwa anapata ujumbe papo hapo kwenye simu. Na daftari la kuandikia haliko hapa peke yake. Tuko hospitali saba kwenye mtandao huu, kila moja ina nakala yake, na kila ukurasa umebeba muhuri uliotengenezwa kutokana na ukurasa uliotangulia. Ukigusa nukta moja ya nyuma, mihuri yote ya mbele inavunjika, na wale sita wengine wanakuumbua. Wataalamu wanaiita blokcheni. Mimi naiita shangazi. Anakumbuka kila kitu na hakuna wa kumnyamazisha."

Watu walicheka. Kufuli alicheka kuliko wote. "Hilo daftari ni mimi," akasema, na chumba kizima kikampigia makofi.

Kulikuwa na mlango mmoja wa dharura. Mgonjwa akiletwa hajitambui, hana simu wala ndugu, mfanyakazi mwenye ufunguo wa dharura aliweza kufungua faili bila ruhusa. Kwanza kilitokea kisanduku chenye maneno Sababu ya kufungua, na bila kujaza kisanduku huingii. Ufunguo huo walipewa madaktari wa zamu, na kwa heshima ya miaka ishirini na minne akapewa Kufuli. Siku ya kwanza ya kuandikisha watu alikuja na mama yake na Kitinda, wakapanga mstari mmoja wakitaniana. Namba zao zikafuatana: ya mama iliishia arobaini, yake arobaini na moja, ya Kitinda arobaini na mbili.

Kila Jumanne kompyuta ilimletea orodha ya waliokosa siku ya kliniki katika hospitali zote saba. Namba tupu. Hapakuwa na jina, ugonjwa wala hospitali. Kazi yake ilikuwa kubonyeza Kumbusha mbele ya kila namba, na mgonjwa akapata ujumbe. Jumanne moja, kati ya chai ya saa nne na mkate aliokuwa hajaumaliza, aliiona arobaini na mbili.

Kitinda? Anahudhuria kliniki gani? Tangu lini? Mbona hakuniambia?

Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwenye rafu miaka yote. Ufunguo wa dharura. Kisanduku kikatokea. Sababu ya kufungua. Angeweza kusimama hapo. Angeweza kubonyeza Kumbusha na kumalizia mkate wake. Aliandika, bila hata kufikiri kwamba anaandika kosa: Ni mdogo wangu.

Faili likafunguka. Kifafa. Ameanguka mara mbili. Yuko kwenye dawa mwaka mzima sasa, anazichukulia hospitali ya upande wa pili wa mji, mbali na dirisha la dada yake. Mara ya mwisho alipewa vidonge vya siku thelathini. Kufuli alihesabu kwa vidole kwenye ukingo wa meza. Vimebaki vya siku nne.

Kitinda alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikosa kliniki kwa sababu ya kawaida kabisa: ilikuwa siku ya wazazi shuleni, na alipanga kwenda kesho yake asubuhi. Hayo Kufuli aliyajua baadaye. Wakati ule alijua tu kwamba simu yake inalia na jina la mdogo wake liko juu.

"Dada, umefungua faili langu?"

"Kitinda, mdogo wangu, nimeiona namba yako kwenye orodha, nikashtuka, nikasema hebu..."

"Hapa wameandika sababu. Ni mdogo wangu. Ndiyo sababu hiyo?"

"Sasa wewe si mdogo wangu?"

Nyuma ya simu kulikuwa na darasa. Kufuli alisikia watoto wanahesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu, wakaruka nne.

"Na ile ya mimba," Kitinda akasema polepole. "Ilikuwa wewe?"

"Mimi? Hapana. Haki ya Mungu, si mimi."

"Miaka sita namchukia yule dada wa watu. Nampita mlangoni kama jiwe. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Kufuli. "Sirudi hospitali zenu. Hata moja. Nikifa na ugonjwa huu, nitakufa nao kimya."

Simu ikakatwa. Kesho yake haikupokelewa, wala kesho kutwa. Siku nne za vidonge zikapita, na ya tano, na Kufuli akawa anashtuka kila gari la wagonjwa likilia getini. Alijua dawa ile haikatwi ghafla. Alikuwa amesoma mafaili ya watu waliokata.

Siku ya saba aliomba ruhusa, akaenda shuleni. Watoto walikuwa kwenye foleni ya kunawa mikono, na Kitinda alikuwa anawamiminia maji kwa kopo. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na plasta pana, na chini ya plasta jicho limevimba na kuwa jeusi. Alipomwona dada yake alimkabidhi mwenzake kopo, akaja hadi kwenye uzio wa waya. Hakufungua geti.

"Umeanguka," Kufuli akasema.

"Niliteleza bafuni."

"Kitinda, usinidanganye."

"Nani anamwambia nani?" Kitinda akatazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Unajua wazazi wakisikia itakuwaje? Kesho darasa langu linabaki na viti. Nilivuka mji mzima kwa mwaka mzima, dada, basi mbili kwenda, basi mbili kurudi, ili usijue. Wakaniambia sasa faili lina ufunguo, anayefungua ni wewe tu. Nikaamini. Nikalala usingizi. Halafu ukaingia kama unaingia jikoni kwa mama."

"Nisamehe. Nifanye nini? Niambie chochote."

"Futa. Mlipoandika kwamba ulifungua, futa. Jina lako litoke kwenye faili langu, nilione limetoka. Hapo nitarudi kuchukua dawa."

"Nitafuta," Kufuli akasema, na akaondoka karibu anakimbia, maana sasa alikuwa na kitu cha kufanya.

Fundi alimkuta mlangoni kwake, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimsikiliza hadi mwisho huku akifuta miwani.

"Haifutiki, mama."

"Mstari mmoja tu."

"Hata herufi moja."

"Wewe ndiye uliyeijenga!"

"Ndiyo maana najua." Fundi akavuta kiti. "Sikiliza. Kama ningeweza kukufutia wewe kwa machozi, yule bosi wako mwenye saa angekuja nimfutie kwa saa. Tulijenga kitu ambacho mtu akinipigia magoti hakisikii."

Naye akapiga magoti. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kwenye sakafu ya saruji, na ameshika suruali ya mwanamume asiye ndugu yake. "Amekwishaanguka tena," akasema. "Ana jicho hivi. Akianguka mbele ya jiko je? Akianguka barabarani? Mdogo wangu atakufa kwa ajili ya maneno yangu matatu, na wewe unanieleza mihuri!"

Fundi alishuka chini, akakaa naye sakafuni, kwa sababu hakuweza kumwinua.

"Kufuta hakuna," akasema. "Kuzuia kupo. Mgonjwa anakwenda mwenyewe kwenye dirisha la hospitali yoyote kati ya saba, anaweka kidole, anamtaja mtu. Mtu huyo hatafungua faili lake tena. Hata kwa ufunguo wa dharura. Hata mgonjwa akiwa amelala mbele yake. Hata kwenye orodha ya Jumanne namba haitamtokea."

"Yaani nisijue kitu."

"Kitu chochote. Daima."

"Na akikosa dawa?"

"Atakumbushwa na karani mwingine. Wewe hutajua."

Kufuli akasimama, akajikung'uta magoti. "Nimfundishe mdogo wangu kunifungia mlango? Yule niliyembeba mgongoni? Fundi, nyie mna akili za mashine." Akaondoka bila kuaga, na nyumbani alivunja kikombe, na hakukusudia, na hakuokota vigae.

Jumapili akaenda kwa mama. Mama alikuwa amekaa kitandani ananyoosha kanga zake kwa viganja, mkunjo baada ya mkunjo.

"Kitinda hapokei simu yangu," mama akasema. "Ana nini?"

"Kazi nyingi, mama."

"Usinifanye mtoto. Mlikuwa mnapigiana kila siku, sasa hata jina lake hulitaji. Anaumwa?"

Kufuli alichukua kanga moja, akaanza kuikunja.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanangu, kama mwenzako anaumwa niambie. Nitaondoka sasa hivi, na mama zako wadogo wote, tutamburuta hadi hospitali kwa kanga hizi hizi."

Na wangemburuta kweli. Kufuli aliona yote: wale wanawake wanne wanaingia, Kitinda anapiga kelele, dawa inaingia mdomoni, Kitinda anaishi. Neno lilipanda hadi kwenye ulimi likakaa pale, tamu na rahisi. Lilikuwa neno la kuokoa maisha, nani angemlaumu? Halafu akaona yaliyobaki. Jumatatu mama mdogo wa kwanza angemweleza shoga yake. Alhamisi mzazi mmoja angemtoa mtoto. Kitinda angehama, mji mwingine, shule nyingine, na safari hiyo angejificha mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona akianguka.

"Mbona unatokwa machozi?" mama akauliza.

"Vumbi la kanga zako."

"Kanga zangu hazina vumbi."

"Sijui ana nini, mama," Kufuli akasema. "Sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumnyima mama yake habari. Alitoka akaenda bafuni, akafungua bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele, akalia huku ameuma taulo. Hakujiona mwema. Alijiona mtu anayemtazama mdogo wake akizama na amekataa kuita watu.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Mganga Mkuu kabla hajaitwa, akajisema mwenyewe. Alinyang'anywa ufunguo wa dharura, akapewa barua ya onyo, akatia sahihi. Kisha akaketi kwenye meza yake na kuandika kwa ule mwandiko wa masjala, herufi zimesimama wima kama zinakaguliwa:

"Kitinda. Haifutiki. Nimepiga magoti, haifutiki. Jina langu litabaki humo hadi tutakapokufa sote, na ni haki libaki, kwa sababu nilifungua. Na ile ya mimba ilikuwa mimi. Nililisoma faili lako, nikampigia mama. Muuguzi hakusema neno. Niliapa uongo kwa Mungu nawe ukiwa kwenye simu. Mama hajui kuhusu hili la sasa. Ameniuliza, sikumwambia, na sitamwambia.

"Kuna njia ya kunizuia. Nenda dirisha la hospitali yoyote, usije kwangu. Chukua kadi na simu. Sema: nataka kuzuia mtu. Watakuomba kidole gumba cha kulia. Taja majina yangu yote matatu, maana kuna karani mwingine wa jina la kwanza kama langu. Wakikuuliza kwa muda gani, sema bila kikomo. Hapo hata uanguke miguuni pangu sitaona kitu. Kote saba dirisha la dawa liko kulia kwako, hatua kumi. Ukishanifungia, tembea hizo hatua kumi. Dada yako."

Alimpa mlinzi wa shule, bahasha imegundishwa mara mbili. Mlinzi alipoipindua kutafuta jina la mtumaji, Kufuli alimwambia, "Ataujua mwandiko."

Jumanne orodha ilikuja, na arobaini na mbili ilikuwemo. Yaani hajakwenda. Yaani hajasoma, au amesoma akachana. Au ameanguka na hakuna aliyemwokota. Kufuli alibonyeza Kumbusha mbele ya namba ile, kisha akakalia mikono yake, amekalia kweli, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. Jumatano alimjibu vibaya mgonjwa mmoja, akamkimbilia hadi getini kumwomba radhi. Usiku hakulala, mchana hakula, na kila simu yenye namba asiyoijua aliipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kompyuta ikatoa mlio ambao hakuwahi kuusikia. Ujumbe ulikuwa katikati ya kioo, ndani ya fremu nyekundu.

"Mwenye namba inayoishia 42 amekuzuia kufungua faili lake kwa njia yoyote, bila kikomo. Amethibitisha kwa kidole, dirisha la tatu. Sababu ya kuzuia: Ni dada yangu."

Wenzake walisikia sauti wakadhani amepata msiba. Fundi alikuja mbio, kamba ya miwani imemzunguka sikio. Alimkuta ameinamia meza, analia kwa kifua kizima, na kidole chake kiko kwenye kioo, kwenye maneno dirisha la tatu.

"Amekwenda," alikuwa anasema. "Amesimama. Kwa miguu yake, fundi, leo, saa nne. Ameweka kidole."

Fundi akasoma hadi mwisho. "Na dawa amechukua?"

"Wewe unaona?"

"Sioni. Faili lake halinihusu."

"Basi hata mimi sioni." Alijifuta uso kwa kiganja. Ilimuuma ile sababu, ilimuuma kama kitu kilichoandikwa kwenye ngozi, na hakuna fundi wa kuifuta. "Hatua kumi tu," akasema. "Nilimwandikia ni hatua kumi."

Jumanne iliyofuata aliifungua orodha akiwa peke yake. Aliisoma kwa kidole kutoka juu. Thelathini na tisa. Arobaini na sita. Katikati hapakuwa na kitu, na alijua hapangekuwa na kitu kwa vyovyote, kama Kitinda amemeza vidonge vyake au amelala chini sakafuni. Kompyuta isingemwambia, na hakuna mtu katika hospitali zote saba aliyeruhusiwa kumwambia. Alibakiwa na mmoja tu mwenye haki ya kusema, na huyo angesema siku atakayotaka, kama angetaka.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ya mama.

"Una habari za mdogo wako?"

"Sina, mama," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Alibonyeza Kumbusha mbele ya wengine wote, mmoja mmoja, bila kumruka mtu. Kisha akaiweka simu mezani, kioo juu, mahali atakapoiona, akaita mgonjwa wa kwanza dirishani.